Rasimu ya Nne

Umeme umerudi saa tano usiku, Tabata Segerea.
Feni imezinduka kabla yangu
ikazipeperusha kurasa mia mbili na kumi na nne
mpaka uvunguni mwa kabati.
Nimezikusanya kwa magoti.
Sura ya tisa imekuja kabla ya sura ya pili
na, Mungu anisamehe, imependeza hivyo.

Nsajigwa, mwenye steshenari pale Buguruni Malapa,
husoma kila anachokichapa, hata wosia wa watu.
Aliniambia huku akihesabu noti zangu:
"Dada, huyu Siwatu wako analia sana.
Ukurasa wa tatu kalia, wa saba kalia,
wa kumi na moja kazimia kabisa.
Mimi nimezika. Mfiwa halii hivyo.
Mfiwa anauliza kama viti vimetosha."

Nilimchukia hadi Tazara.
Kuanzia Tazara nikaanza kuhesabu.

Basi leo ninafumua.
Kalamu nyekundu imekauka, natumia ya kijani ya mwanangu.
Nimekata "ghafla" kumi na tisa.
Nimekata mvua iliyonyesha kila mtu alipohuzunika,
kana kwamba mawingu ya Dar yanapokea amri kutoka kwangu.
Nimemkata shangazi mzima wa Mbagala,
na kibubu chake, na jino lake la dhahabu.
Alikuwa mcheshi. Lakini mgeni ni siku mbili;
ya tatu nilimtafutia jembe, sikuliona.

Kuna sentensi niliyoitunga mwaka juzi
nikiwa kwenye foleni ya maji,
nikairudia moyoni njia nzima
nisije nikaimwaga kabla ya ndoo:
*Macho yake yalikuwa visima viwili vilivyosahau kamba.*
Nimewasomea wote walionitembelea, hata fundi bomba.
Nimeikata mara tatu, nimeirudisha mara tatu.
Kila ikirudi, aya nzima inasimama kuitazama
kama ukumbi anapoingia bibi harusi,
na hadithi inasahau ilikokuwa ikienda.

Imetoka.
Nimeinuka, nimekunywa maji, nimekaa.

Rasimu ya pili nilimpa Makame, muuza karanga.
Juzi nikanunua za mia tano, nikafungua kikaratasi:
"...akasukuma mlango, na aliyemkuta ndani..."
Hapo pamechanika.
Nimesimama kando ya barabara, chumvi vidoleni,
natamani kujua alimkuta nani,
na mwandishi ni mimi, na sikumbuki.
Kati ya yote niliyotupa
hiyo peke yake nimeirudisha.

Imebaki sura ya sita.
Humo mama yake Siwatu anasema, "Nisamehe, mwanangu."
Kurasa nne za kukumbatiana.
Nsajigwa hakusema neno juu ya sura hiyo.
Aliichapa, akainyoosha kingo, akanipunguzia mia tano.

Mama yangu hajawahi kulitamka neno hilo.
Nililishona mimi, nikamvika,
likambana kwapani kama gauni la kuazima.
Usiku ule, baada ya yale,
alichofanya ni kuniachia wali na tembele mezani,
sahani imefunikwa kwa sahani,
kijiko juu, kifudifudi.
Nilipofunua, mvuke ulikuwepo bado.
Maana yake aliupasha saa ile ile aliposikia geti.

Nimekata kurasa zote nne.
Nimeandika sahani. Nimeandika kijiko.
Nimeongeza "kwa upendo".
Nimekata "kwa upendo".

Saa tisa. Umeme umekatika tena,
feni inazunguka kwa mazoea, halafu basi.
Nazipanga kurasa gizani kwa kuzigusa pembe.
Sura ya tisa nimeiacha pale ilipoangukia.